Vyombo Zote Buku

Saa moja na dakika kumi asubuhi, kila siku ya Mungu isipokuwa Idi Mosi, sauti hupanda na ukuta mpaka dirisha langu la ghorofa ya tatu na kuingia bila hodi: "Buku! Buku! Buku! Vyombo zote buku! Zimebaki chache, wahi mama!" Inakata, inameza mate kidogo, inaanza upya. Nimeipima kwa saa ya mkononi: mara 11 kwa dakika. Kwa hiyo ikifika saa sita na dakika kumi mchana nimeshaambiwa mara 3,300 kwamba zimebaki chache, na nikichungulia chini naziona palepale, sahani, mabakuli na vichujio vya nazi, lundo lilelile la jana, halijapungua hata kifuniko.

Naomba nieleweke. Kelele si shida yangu. Mtu akihamia Kariakoo kisha akalalamikia kelele ni sawa na aliyeolewa Tanga akalalamikia nazi. Honi za bodaboda nimezizoea, wabeba mizigo wanaofoka "pisha, mzigo huo!" nimewazoea, na jenereta la jirani likizimwa usiku ndiyo kwanza nashtuka na kuamka. Kinachonikosesha raha ni hiyo "zote".

Mimi ni mhariri wa vitabu vya shule. Nalipwa, si sana, ili mtoto wa darasa la tatu huko Nachingwea asije akakutana na chombo kilichokosana na kivumishi chake. Chombo, vyombo. Vyombo vyote. Vimebaki vichache. Basi nakaa mezani asubuhi na kalamu nyekundu, mtu kaandika "vitabu zangu", namsahihisha kwa upole, "vitabu vyangu", na kabla wino haujakauka dirisha linanijibu: zote! Ni kazi ya kufagia chini ya mwembe siku ya upepo.

Wenyeji wanasimulia kwamba jengo letu lilipo palikuwa na nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, na baraza mbele ambapo mwenye nyumba alikaa akiwauliza wapita njia habari zao, na wao wakisimama kumjibu. Leo pana ghorofa nane. Chini ni fremu za maduka, ya kwanza stoo, ya pili stoo, kuanzia ya tatu ndiyo tunaanza wanadamu, na ngazi tunazitumia kwa zamu na mabelo ya mitumba. Belo likiwa linapanda, binadamu unasubiri. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam na watu milioni 4.36, ya 2022 ikaukuta na milioni 5.38. Wataalamu wanajiuliza hiyo milioni ya ziada imeenda wapi. Wangeniuliza mimi. Inapita chini ya dirisha langu, na wengi wao wanatafuta chaja.

Tena Kariakoo mtu hatembei tu, lazima awe anatafuta kitu. Ukitembea hivihivi, mawinga wanakuona umepotea, wanakushika mkono kwa huruma: "Anko, unatafuta nini? Njoo nikupeleke." Nimewahi kumwambia winga kwamba natafuta nyumbani kwangu. Akaniuliza, "Ya kupanga au ya kununua?"

Na wanaotafuta sana hutafuta chimbo, yaani duka la jumla lililojificha ghorofani, ambako bei iko chini kwa sababu hakuna anayepajua. Siku moja nilikuwa napanda ngazi mbiombio, sitazami kulia wala kushoto, kwa sababu ya tumbo, sina haja ya kueleza zaidi. Sikujua kwamba kwa jicho la mnunuzi kutoka mkoani, mtu anayepanda ngazi za Kariakoo kwa haraka namna ile huyo analijua chimbo. Kina mama watatu wakanifuata. Mimi nikaingia ndani moja kwa moja nilikokuwa nawahi. Wao wakaishia koridoni, ambako mke wangu alikuwa ameanika madera matatu.

Nikiwa kule ndani nikasikia: "Dada, haya kwa jumla shilingi ngapi?"

Kikafuata kimya. Kimya kile nakifahamu kwa miaka 22 ya ndoa. Mke wangu alikuwa anapiga hesabu. Nilipotoka, mawili yalishauzwa, na moja lilikuwa bado linachuruzika maji. Yule mama alichukua na namba ya simu. Kwa wiki mbili mlango wetu uligongwa na watu wa Njombe na Makambako waliotumwa kwenye madera, na mke wangu, ambaye siku zote husema mjini hapa watu hawana ustaarabu, hakumfukuza hata mmoja.

Kuna njia ya waenda kwa miguu mbele ya jengo letu. Najua ipo kwa sababu niliiona Oktoba 2021.

Mwaka ule machinga walihamishwa barabarani kupelekwa maeneo waliyopangiwa. Tuliamka tukakuta chini ya dirisha pana kitu kirefu, cheupe kidogo, chenye ukingo. Ndiyo yeye. Tulikuwa tumeishi naye miaka yote hiyo bila kufahamiana. Nilishuka nikatembea juu yake, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule, nikafika mpaka kona ya Mtaa wa Kongo na kurudi bila kumgusa mtu bega. Jioni nikawaambia wenzangu kijiweni kwamba huu sasa ndio mji, mji lazima uwe na utaratibu. Nilisema kwa sauti, wengi walisikia.

Siku ya nne, kwenye saa tatu usiku, mafua yalinibana. Nikafanya kama tulivyozoea: nikaweka elfu mbili kwenye kikapu, nikakiteremsha kwa kamba dirishani, nikasubiri limau na tangawizi. Kikapu kikagusa chini. Hapakuwa na wa kukipokea. Mtaa ulikuwa giza, maana kumbe taa tulizokuwa tukijivunia zilikuwa balbu zao. Nikakivuta, elfu mbili yangu ikarudi nzima. Sijawahi kuhuzunishwa vile na fedha yangu mwenyewe.

Walirudi kidogokidogo. Wa kwanza alikuwa kijana wa leso. Hakupanga kitu, alisimama tu, leso begani, kama anamsubiri mtu. Wiki iliyofuata akaendelea kumsubiri, ila amekaa kwenye kigoda. Ya tatu kigoda kikawa meza. Sikusema kitu kijiweni. Kikapu kikaanza tena kushuka.

Na mimi nikiwa chini si bora kuliko wao. Siku moja nilisimama katikati ya njia nachagua soksi, jozi tatu elfu mbili, naizungushia moja kwenye ngumi kuona kama itanitosha mguu, mara nyuma yangu likafika guta limejaa mabati. Dereva wake hakupiga honi. Alisema kwa utulivu tu: "Mzee, hapa barabara, siyo kabatini." Maneno hayohayo, nukta kwa nukta, ndiyo niliyokuwa nimeyaandaa kwa ajili ya kumwambia kijana wa vyombo.

Maana nilikuwa nimeamua kushuka. Tatizo lilikuwa kosa la kumshitakia. Nilitafuta nikakuta sheria za nchi haziadhibu upatanisho mbovu wa kisarufi, jambo ambalo Bunge lingelitazama. Lakini kelele ina kanuni zake, za mwaka 2015, zenye viwango. Nikazichapa, nikazitia kwenye bahasha ya kaki, maana Kariakoo bahasha ya kaki inaogopwa kuliko mbwa, nikavaa na miwani. Nikashuka nimeshakunja sura tangu ghorofa ya pili.

"Shikamoo mzee!"

Kesi iliharibikia hapo. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya dakika tano, lakini nani amewahi kulelewa pwani hii akaiacha shikamoo ikadondoka chini? "Marahaba mwanangu," nikasema. "Hujambo? Mama hajambo?" Mama yake simjui. Na ukishamwitikia mtu marahaba ukamjulia hali mama yake, huyo tayari ni mtoto wako; bahasha utampa vipi?

"Hiyo spika," nikaanza.

"Inakusumbua mzee? Ngoja nipunguze." Akapunguza.

Hapo na kesi ya kelele ikafa. Imebaki ile ya kweli, iliyonishusha. Nikamsogelea nikamwambia chini chini, kama mtu anayemwambia mwenzake zipu iko wazi: "Mwanangu, ni vyombo vyote. Siyo zote. Vyote."

Akatazama lundo, akanitazama mimi. "Vyote, mzee? Hata hivi vya jero?"

Nikamweleza ngeli. Nilianza na KI-VI, nikapita kidogo kwenye JI-MA, nikatoa mifano. Alinisikiliza kwa adabu huku anamrudishia mteja chenji. Aliyenijibu alikuwa mzee wa kahawa, kutoka kwenye benchi lake, ambalo nalo, naomba liandikwe kwenye kumbukumbu, limekaa juu ya njia ya miguu.

"Mwalimu, hapa panaitwaje?"

"Kariakoo."

"Kwa nini?"

Nikajibu kama mwanafunzi: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kambi yao ikawa hapa, watu wakapaita Kariakoo.

"Basi," akasema, anamimina kikombe. "Mtaa mzima ni neno lililoshindikana kutamkwa. Miaka mia na ushee tunalala ndani yake, hakuna aliyedondoka. Wewe umeshuka ghorofa tatu kwa ajili ya sahani?"

Kijiwe kikacheka. Nilikuwa na jibu zuri, kwamba kutohoa neno si kukosea, kuna kanuni zake, lakini lilinijia jioni nikiwa naoga.

Kijana ndiye aliyeniokoa. "Mzee, basi rekodi wewe. Huyu ni binamu yangu alirekodi, kashahamia Morogoro, tena siku hiyo alikuwa na kikohozi."

Nikakataa, kama inavyompasa mtu mzima, mara moja. Kisha nikauliza kitufe kiko wapi. Nilisafisha koo. Nikasimama wima. Sijui nini kilinipata. Nadhani ni ile miaka niliyosoma risala kwenye mahafali. Nikasema, taratibu, kila silabi imekaa kwenye kiti chake:

"Ndugu wateja, mnatangaziwa kwamba vyombo vyote vilivyopo mahali hapa vinauzwa shilingi elfu moja kila kimoja. Vimebaki vichache. Mnaombwa kuwahi. Ahsanteni."

Kijana akaweka sauti mpaka mwisho na kubonyeza.

Sasa, wakati inasema "ndugu wateja", bodaboda ilipiga honi. Kilichofika ng'ambo ya mtaa ni sauti nzito ya mtu mzima aliyesoma, ikisema: "...mnatangaziwa kwamba vyombo vyote vilivyopo mahali hapa..."

Mwuza viatu hakusubiri kitenzi. Wao maturubai yao yana kamba kwenye pembe nne, zimekutana katikati, na mwenyewe hushika ncha hata anapokula. Alivuta. Turubai likawa mfuko, mfuko ukawa begani, na yeye akawa Mtaa wa Sikukuu. Wa mikanda akamfuata. Wa chaja, wa leso, dada wa chupi za mafungu, wa soksi zangu. Hakuna aliyepiga kelele wala kuuliza. Ilikuwa kama maji yanapotolewa kizibo. Mzee wa kahawa, yuleyule mwanahistoria, nilimwona anakata kona, dele mkono mmoja, jiko la moto mkono wa pili, na mteja wake mmoja nyuma amebeba benchi huku kikombe hajakimaliza.

Kwa mara ya pili maishani mwangu nikaiona njia ya miguu. Juu yake tumebaki watatu, mimi, kijana na spika, nayo inaendelea: vimebaki vichache, mnaombwa kuwahi, ahsanteni.

Iliwachukua kama robo saa kurudi, kwanza vichwa, halafu miili. Walipojua aliyesema ni nani walinitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa na waandishi ninaowahariri, na hao nimewakatia sura nzima. Nikajitetea: mgambo gani anamalizia na "ahsanteni"?

"Hiyo ndiyo iliyonitoa mbio," akasema mzee wa kahawa, anapuliza makaa. "Ukitangaziwa jambo ukashukuriwa kabla hujalifanya, usikae."

Nilidhani kijana ataifuta. Lakini katika ile robo saa, wateja waliokuwa wamezubaa katikati ya mtaa walikuwa na mahali pamoja tu pa kununua, na aliuza mabakuli mengi kuliko wiki nzima. Hakufuta. Alichofanya ni kutuunganisha: anaanza binamu wa Morogoro, nafuata mimi. "Vyombo zote buku! Zimebaki chache!" "Ndugu wateja, vyombo vyote... vimebaki vichache." Kosa na sahihisho lake, kutwa nzima. Darasa kama hilo wizara haijawahi kulipata, na halina hata mwanafunzi mmoja aliyebadilika. Kijana mwenyewe bado anasema zote.

Umaarufu ukaja na adha zake. Mama wa samaki wa kona akaniita: "Baba, samaki huzifanyii?" Nikamwambia ni hawa samaki, au basi, huwafanyii. Akasema sawa, utazifanya lini?

Lakini kubwa lilikuwa betri. Asubuhi nasikika vizuri. Ikifika saa kumi na moja jioni chaji inapungua, na sauti yangu inaanza kuvutika: "Nduuugu wateeeja... viiimebaki viii... chaaa..." Binamu yeye kwa kuwa anapiga kelele haijulikani. Mimi nasikika kama mtu aliyeanguka mtaroni anaomba aitiwe ndugu zake. Jirani wa ghorofa ya tano, mtu wa swala tano, alimvuta mke wangu pembeni akamwuliza kwa heshima kama mzee siku hizi ameanza kutumia kitu.

Nikashuka tena. Safari hii bila bahasha.

"Hii mnachajia wapi?"

"Kwenye fremu hiyo mzee, jero kwa usiku. Ila wakifunga mapema tunalala hivyohivyo."

Ndiyo maana sasa kila jioni kikapu kinashuka kitupu na kupanda na spika. Inalala juu ya kabati, pembeni ya televisheni, imechomekwa kwenye umeme wangu wa LUKU, na kijana wa leso amenikabidhi ya kwake pia kwa kuwa, alivyosema, moto wa kuchaji moja na wa kuchaji mbili ni uleule. Mwaka 2025 ulipotangazwa mpango wa biashara saa 24 hapa Kariakoo, wote wawili walikuja kunipongeza kana kwamba nimepandishwa cheo.

Juzi, saa nne usiku, mke wangu alikuwa anafuta vumbi juu ya kabati. Kitambaa kikagusa kitufe. Sebule yote ikatetemeka: buku, buku, buku, kisha mimi, wima, na betri imejaa: "Ndugu wateja, mnatangaziwa..." Tukahangaika kutafuta pa kuzimia, koridoni milango ikaanza kufunguka, na kabla hatujapata kitufe mtu akagonga mlango.

Alikuwa mama mmoja na begi la safari mkononi, anahema kwa ngazi.

"Samahani jamani, nimeambiwa ni ghorofa ya tatu, nikasikia na tangazo. Madera zipo?"

Nikafungua kinywa. Mke wangu akaniwahi, kitambaa cha vumbi bado mkononi.

"Zipo, mama, karibu ndani. Ila zimebaki chache."